Duka la kona katika mji wa zamani wa Kisumu: baada ya vitambaa, misumari, mitumba na simu, tuhifadhi nini hasa?

Mwana wa Cherehani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba mnivumilie, kwa kuwa uzi huu ni mrefu na sikutaka kuukatakata.

Juma lililopita nilipita katika mtaa mmoja wa mji wa zamani, si mbali na Barabara ya Oginga Odinga, nikawakuta mafundi wakipima baraza la duka la kona kwa kamba na chaki. Nilipouliza, niliambiwa kwamba baraza litazibwa kwa matofali ili vipatikane vibanda vitatu zaidi vya kukodisha. Sitalitaja jengo wala mwenyewe, kwa sababu mwenye mali ana haki zake na sikuja hapa kumchafulia mtu jina. Nimekuja kwa sababu marehemu baba yangu alishona nguo katika baraza hilo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, nami nikiwa chini ya meza ya cherehani nikiokota vifungo.

Kwa wasioyafahamu majengo haya, nitaeleza umbo lake, maana hoja yangu yote imo humo. Mbele kuna baraza pana linaloshikiliwa na nguzo, na paa lake limeinama kuelekea barabarani. Nyuma ya baraza kuna milango mirefu ya mbao inayokunjwa, kiasi kwamba ikifunguliwa yote duka zima huwa wazi kwa mpita njia. Chumba cha duka ni kirefu kuliko upana wake, na dari iko juu sana, ili joto la Kisumu lipande na kutokea kwenye matundu yaliyoachwa chini ya paa. Baada ya chumba hicho kuna ghala, baada ya ghala kuna ua wenye vyumba vya kulala na jiko pembeni, na mwisho kabisa kuna lango la kutokea uchochoroni. Paa limeezekwa vigae vyekundu vya Mangalore vilivyoletwa kwa meli kutoka India, na upande wa ua limeezekwa mabati. Kwenye paji la jengo mwaka wa ujenzi uliandikwa kwa plasta, lakini rangi imepakwa juu ya rangi hadi leo zinasomeka tarakimu mbili tu za mwanzo, 1 na 9.

Reli ilifika ufukweni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Tangu hapo hadi 1931, mzigo wa Uganda ulishushwa hapa kutoka garini na kupakiwa katika meli za ziwani. Mji wa namna hiyo lazima uwe na maduka. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja na reli, na wengine walikuwa wameitangulia. Allidina Visram, aliyefariki 1916, alikuwa na mtandao wa maduka kutoka pwani hadi Uganda, na vijana wengi waliokuja kufanya kazi chini ya matajiri wa namna yake walijitegemea baadaye wakafungua maduka yao wenyewe. Tukumbuke pia kwamba serikali ya kikoloni iliwazuia Wahindi kupata mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, kwa hiyo nguvu na akiba zao ziliingia katika ploti za mijini. Mnara wa saa tunaoupita kila siku ulizinduliwa 1938 kumkumbuka Kassim Lakha, na waliougharimia ni wanawe waliokuwa wafanyabiashara.

Bidhaa kuu ya duka la namna hii ilikuwa nguo. Kulikuwa na amerikani, kaniki, leso na mablanketi, pamoja na chumvi, sukari, mafuta ya taa na majembe. Kwa upande mwingine duka lilinunua: ngozi, simsim, samli na mahindi viliingia kwa mlango wa nyuma vikalala ghalani vikisubiri gari la moshi. Kwa hiyo tangu mwanzo jengo lilikuwa na nyuso mbili, moja ya kuuza na moja ya kununua, na familia iliishi katikati.

Ndani, kaunta ya kwanza ipo hadi leo. Ni ubao mmoja mzito wa mvule, na kwenye ukingo wake kumepigiliwa ufito wa shaba wenye urefu wa wari moja, yaani yadi, ambao mwenye duka alinyooshea kitambaa kabla ya kukata. Alama za robo na nusu zimechongwa kwenye shaba hiyo. Ukipitisha kidole utahisi kwamba alama ya nusu imelika kuliko nyingine, kwa sababu wateja wengi hawakuwa na uwezo wa kununua wari nzima.

Mwaka 1931 reli ilifika Kampala kwa njia ya Nakuru na Eldoret, na Kisumu ikabaki kwenye tawi la pembeni. Biashara ya kupitisha mizigo ikapungua, na maduka yakawageukia zaidi wateja wa Nyanza yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wafanyabiashara Waafrika walianza kudai nafasi katikati ya mji. Oginga Odinga na wenzake waliunda shirika la Luo Thrift and Trading mwaka 1947, na Ramogi House ikawa ushahidi kwamba Mjaluo naye anaweza kusimamisha jengo la biashara mjini. Kisha ukaja uhuru, na baadaye sheria ya leseni za biashara ya 1967, ambayo iliwabana wasio raia katika maeneo na bidhaa maalumu. Maduka mengi yakabadili mikono. Hili ninalolisimulia likawa duka la vifaa vya ujenzi: misumari kwa kilo, bawaba, rangi, mabati. Ghala lililokuwa likinuka simsim likaanza kunuka chuma.

Miaka ya 1990, baada ya milango ya uagizaji kufunguliwa, duka likajaa marobota ya mitumba. Baadaye chumba kikagawanywa kwa plaiwudi kikawa eksibisheni, yaani vibanda vidogo vya wauzaji mbalimbali, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wakala mmoja amekaa nyuma ya ile kaunta ya mvule, daftari lake likiwa juu ya ufito wa shaba.

Sasa nafika ninapokusudia. Simlilii muuza nguo wa kwanza, na sidai jengo lirudishwe lilivyokuwa. Kila biashara niliyoitaja iliingia na kutoka bila kuvunja ukuta hata mmoja, kwa sababu umbo lenyewe linakubali: mlango mpana, dari ya juu, ghala, ua, lango la nyuma, na baraza. Plaiwudi ya eksibisheni inaweza kung'olewa kwa siku moja. Ukuta wa matofali mbele ya nguzo hautang'olewa. Naona tumekuwa tukipigania mambo yasiyo ya msingi, tukilalamikia mabango na rangi, huku tukinyamazia yale ambayo yakishafanyika hayarudi nyuma. Nyinyi mnaonaje?

Jirani wa Oile

Ndugu mwanzisha uzi, nimesoma yote na nakupa pole kwa baba. Lakini naomba nikuulize kwa heshima: wewe unalipa kodi ya jengo hilo? Mimi nakodi chumba katika jengo la umri huohuo. Nililipa gudwili, yaani fedha za kuingilia chumba, kabla hata sijapewa ufunguo. Mvua ikinyesha nafunika bidhaa kwa turubai ndani ya duka, si nje. Mwenye nyumba akiambiwa atengeneze paa, hujibu kwamba kodi haitoshi. Kama vibanda vitatu vya barazani vitampa fedha za kutengeneza paa, mimi niliye ndani nitasema ahsante. Watu wanaopenda majengo ya zamani mara nyingi hawalali ndani yake.

Mwana wa Cherehani

Dada au kaka, swali lako ni la haki na nalipokea. Silipi kodi hapo. Ni kweli pia kwamba paa bovu huua jengo upesi kuliko tingatinga, na mpangaji anayelowa hawezi kuambiwa avumilie kwa ajili ya historia. Tofauti yetu ni moja tu: sioni jinsi kuziba baraza kutakavyoleta fedha za paa, kwa sababu gharama ya kuziba itatangulia, na kodi ya vibanda vipya itaingia pole pole. Nitafurahi kama mwashi yeyote humu atatusaidia upande huo.

Mzee wa Kondele

Mwanangu Mwana wa Cherehani, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuziandika. Umesimulia vizuri, lakini kuna jambo umelipita mbio, nami niliyeliona naomba nilirudishe.

Katika maduka hayo sisi hatukuwa watu wa ndani. Nilipokuwa kijana nilitumwa na mama kununua chumvi na mafuta ya taa, na nilisimama kwenye kaunta, nikapimiwa kwa ratili, nikaandikiwa deni, nikaondoka. Ua sikuuona. Vyumba vya nyuma sikuviona. Nilikuwa nikisikia tu harufu ya jiko lao, ya bizari na samli, nikajua kwamba huko nyuma kuna maisha mengine. Sisemi hivi kwa chuki. Mwenye duka alimkopesha marehemu baba mwaka wa njaa, na siku alipofunga kwenda zake aliwaita wadeni wake, akakunja lile daftari mbele yao, akasema yaliyobaki yabaki. Baba alirudi nyumbani siku hiyo akiwa kimya, na kwa wiki nzima hakutaka kulizungumza.

Lakini baraza lilikuwa letu. Fundi cherehani alikuwa Mwafrika, fundi viatu alikuwa Mwafrika, mwandishi wa barua alikuwa Mwafrika, na wote walikaa barazani bila mkataba wa maandishi, kwa kuelewana na mwenye duka. Fundi alivuta wateja wa vitambaa, na mwenye duka alimpa kivuli. Hapo ndipo niliposomewa barua yangu ya kwanza ya kazi, nikiwa nimesimama, fundi akiwa amesimamisha cherehani ili asikie. Matumizi ya ndani yamebadilika kama ulivyosema, lakini ya barazani hayajabadilika tangu nilipokuwa mtoto: ni mahali pa mtu ambaye hana uwezo wa kukodi ndani. Wakilifunga, hawatakuwa wamepoteza nguzo na paa. Watakuwa wamemfukuza mpangaji mkongwe kuliko wote, ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi.

Fundi Chokaa

Nimeombwa kuchangia kama mwashi, nami nitasema ninayoyajua kwa mikono. Majengo mengi ya namna hii niliyowahi kuyatengeneza yalijengwa kwa mawe yaliyounganishwa kwa chokaa, wala hayana tabaka la kuzuia unyevu chini ya ukuta. Unyevu wa ardhini hupanda ukutani, na chokaa huuacha utoke nje ukauke. Hivyo ndivyo ukuta unavyopumua. Anapokuja mtu na kuupaka saruji ili uonekane mpya, unyevu hukosa njia ya kutokea. Baada ya misimu michache plasta huvimba, chumvi nyeupe hutokeza, rangi hubanduka, na mwenye nyumba huamua kwamba jengo limezeeka. Halikuzeeka. Lilifungwa pumzi. Dawa yake ni kubandua ile saruji, kuacha ukuta ukauke, kisha kuupaka chokaa, kazi ambayo inataka subira kuliko fedha.

Kuhusu paa la jirani yetu wa Oile: vigae vya Mangalore huvaana, kila kimoja kikishika mwenzake, na mara nyingi maji huingia kwa sababu ya vigae vichache vilivyoteleza au kupasuka, wala si paa zima. Kinachofuata ndicho kibaya. Maji hutua juu ya boriti, boriti huoza mwisho wake uliomo ndani ya ukuta, halafu paa hushuka. Kwa hiyo kwanza panga vigae, pili safisha mifereji ya paa, tatu kagua miisho ya boriti. Ukianza kwa kupaka rangi umepoteza mali.

Na baraza lina kazi ambayo mchango wa Mzee haukuitaja, kwa kuwa si kazi yake kuijua. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri ikiwa na upepo, nayo hupiga ukuta kwa ubavu. Jua la alasiri nalo ni kali. Baraza hulinda ukuta wa mbele na ile milango ya mbao dhidi ya vyote viwili. Ukilijaza vibanda, ukuta wa vibanda ndio utakaopigwa na mvua, milango ya zamani itafungiwa gizani, na hewa iliyokuwa ikiingia chini na kutokea juu itakata. Waliomo ndani watawasha feni kutwa nzima. Ongezeni hapo plaiwudi na nyaya za umeme zilizounganishwa kiholela kutoka kibanda hadi kibanda, kisha niambieni moto ukizuka mtu wa ndani atatokea wapi. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote katika eksibisheni za majengo ya zamani.

Jirani wa Oile

Fundi, ahsante. Hiyo ya nyaya sikuifikiria, na sasa siwezi kuacha kuifikiria. Duka langu lina mlango mmoja tu, na uko mbele.

Mwana wa Cherehani

Mzee, shikamoo. Nimeusoma mchango wako mara mbili, na nakiri kwamba nililisimulia baraza kama kivuli tu, ilhali mimi ndiye niliyepaswa kulijua zaidi. Baba hakuwahi kuwa na mkataba. Mpangaji wa ndani alipobadilika, alikwenda kumwamkia yule mpya, akamweleza kwamba yeye ni fundi wa hapo, na mambo yakaendelea. Alifanya hivyo kwa muuza misumari na kwa muuza mitumba vilevile. Kwa muuza misumari aligeuka akawa mshonaji wa magunia na aproni, na kwa muuza mitumba akawa mpunguzaji wa suruali. Kazi ya baraza ilifuata kazi ya ndani kama maji yanavyofuata mfereji.

Kuna aliyeniandikia pembeni akiuliza kama sheria haiwezi kulizuia jambo hili. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inampa waziri anayehusika uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kihistoria kwa ilani katika gazeti rasmi la serikali, na likishatangazwa haliruhusiwi kubadilishwa ovyo. Mji wa Kale wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa unalindwa kwa njia ya namna hiyo. Lakini ulinzi wa aina hiyo hauji wenyewe kwa sababu jengo ni la zamani. Lazima mtu aombe, aeleze, apige picha, apime, na mwenye mali asikilizwe. Idhini ya kubadilisha jengo nayo hutolewa na kaunti, na hapo ndipo mwananchi anapoweza kuuliza mapema kama michoro imepitishwa. Nimeamua kutoanza na sheria hata hivyo. Mwenye jengo akiona kwamba turathi ni jina jingine la kunyang'anywa kodi, atabomoa usiku.

Kwa hiyo jana nilikwenda kumwona. Sikuwa na miadi. Nilimkuta uani, nikamwamkia, nikajitambulisha kwa jina la baba, naye akamkumbuka, kwa sababu alimshonea sare ya shule. Tulikaa. Hakunificha kwamba anahitaji kodi zaidi na kwamba ana watoto wanaosoma. Nilimwomba anionyeshe ghala.

Ghala hilo, wanajukwaa, limejaa milango iliyovunjika, makopo ya rangi yaliyokauka na fremu za vitanda. Ukuta wake wa nyuma unapakana na uchochoro, na kwenye ukuta huo kuna milango miwili mipana iliyozibwa kwa mabati, ambayo zamani ndiyo iliyopokea magunia. Uchochoro nao siku hizi si uchochoro tena, maana watu wanaotoka stendi kuelekea sokoni huukata kutwa. Nilikuwa na tepu ya baba mfukoni, ile ya kitambaa yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, nikapima huku mwenye jengo akinishikia ncha. Vibanda vitatu vinaingia, vikitazama uchochoroni, bila kugusa ukuta wowote wa zamani, na njia ya kutokea kwa waliomo duka la mbele inabaki katikati.

Hakuniahidi chochote zaidi ya kwamba mafundi wake watasubiri hadi mwisho wa mwezi, na kwamba angependa kumsikia mtu anayejua paa. Fundi Chokaa, kama unayo nafasi Jumamosi asubuhi, nitakusubiri kwenye mnara wa saa saa tatu. Jirani wa Oile nawe karibu, ukamweleze mwenyewe habari za turubai. Mzee, nitatuma kijana akulete kwa gari ukipenda kuja. Fundi viatu wa pale barazani amesema kiti chako kipo.

Mzee wa Kondele

Nitakuja kwa miguu hadi stendi, kutoka hapo tutaonana. Mwambie fundi viatu nina soli ya kushonwa.